Mtunzi na Mtunzaji

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, ambayo yafaa kutajwa pamoja siku usharika unapotimiza karne moja. La kwanza ni mtunzi, yaani yule atungaye wimbo. La pili ni mtunzaji, yaani yule auwekaye wimbo huo usipotee. Kanisa limezoea kumheshimu wa kwanza. Wa pili hukaa nyuma, na mara nyingi hakumbukwi kabisa. Maneno haya yamhusu huyo wa pili. Yatapitia katika kazi ambayo wengi huidhani ni ya kujifurahisha tu: kazi ya kukusanya santuri, kaseti na diski za muziki wa klasiki wa Ulaya, na kuwagundua humo watunzi ambao majina yao hayatajwi sana.

Santuri moja huita nyingine

Santuri za zamani, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba muziki wa dakika nne hivi kwa kila upande. Kazi moja ndefu ilihitaji sahani nyingi, nzito na rahisi kuvunjika. Kwa sababu hiyo makampuni yalipendelea kurekodi kazi zilizokwisha kujulikana, ambazo yalikuwa na hakika ya kuziuza. Mwaka 1948 ilitokea santuri ya muda mrefu, iliyobeba zaidi ya dakika 20 kwa kila upande. Kaseti ikafuata mwaka 1963, na diski ya kusomwa kwa mwanga mwaka 1982. Nafasi ilipoongezeka, watunzi waliokuwa wamelala katika makabati ya maktaba walianza kusikika.

Mfano mmoja ni Johann Pachelbel, Mlutheri wa Nürnberg, aliyezaliwa mwaka 1653 na kufa mwaka 1706. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na mwalimu wa muziki. Mmoja wa wanafunzi wake, Johann Christoph Bach, ndiye aliyemlea na kumfundisha mdogo wake, Johann Sebastian. Kanoni ya Pachelbel ya vinanda vitatu vya nyuzi haikuchapishwa mpaka mwaka 1919. Mwaka 1968 Mfaransa Jean-François Paillard na okestra yake waliirekodi kwa mwendo wa polepole, na kutoka hapo ikaenea duniani hata ikawa desturi kupigwa katika arusi nyingi. Watu wengi huishia hapo. Mkusanyaji haishii hapo. Yeye huuliza: mtu huyu alitunga nini kingine? Akitafuta, atakuta kazi nyingi alizotunga juu ya tenzi za Kilutheri, na pia kitabu cha mwaka 1699 ambacho Pachelbel alikiandika kwa heshima ya watunzi wawili. Mmoja wa hao wawili ni Dieterich Buxtehude wa Lübeck.

Ndivyo mkusanyaji anavyoenenda. Kutoka kwa mwanafunzi hupanda kwa mwalimu, na kutoka kwa mwalimu huvuka kwa rafiki yake. Husoma maandishi yote yaliyo nyuma ya jalada, wala haruki jina asilolifahamu.

Aliyeziokoa nyimbo za Lübeck

Buxtehude alikuwa mpiga kinanda wa Kanisa la Mtakatifu Maria mjini Lübeck tangu mwaka 1668 hadi alipofariki mwaka 1707. Sifa zake zilifika mbali. Mwaka 1705 Johann Sebastian Bach, akiwa kijana wa miaka 20, alisafiri kutoka Arnstadt, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, ili akamsikie. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu. Alikuwa amepewa ruhusa ya wiki nne. Akakaa karibu miezi minne, na aliporudi akaulizwa na wakuu wa kanisa lake sababu ya kuchelewa.

Mwezi Desemba mwaka huohuo Buxtehude aliongoza kazi mbili kubwa kanisani, kumwombolezea Kaisari Leopold wa Kwanza aliyefariki na kumpongeza mrithi wake. Vijitabu vya maneno ya kazi hizo vimesalia hata leo. Nota zake zimepotea. Maneno yapo, bali sauti haipo, na hakuna awezaye kuirudisha.

Inakuwaje basi kwamba kazi nyingine za Buxtehude za kuimbwa zimesalia? Jibu ni mtunzaji mmoja. Mjini Stockholm, ng'ambo ya Bahari ya Baltiki, aliishi Gustaf Düben, kiongozi wa muziki wa mfalme wa Uswidi na mpiga kinanda wa kanisa la Wajerumani mjini humo. Huyu alinakili na kukusanya nyimbo za watunzi wengi, wakubwa na wadogo, wa nchi mbalimbali. Buxtehude alikuwa rafiki yake, na mwaka 1680 alimwandikia kantata saba za kuyatafakari mateso ya Bwana, kuanzia miguu, magoti na mikono hadi moyo na uso. Düben alifariki mwaka 1690. Mwaka 1732 mwanawe, Anders, aliutoa mkusanyo huo kwa Chuo Kikuu cha Uppsala. Sehemu kubwa ya kazi za Buxtehude za kuimbwa zinazojulikana leo zimetoka katika kabati hilo.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya Mitende, mwaka 1942, katika vita kuu ya pili, Lübeck ulishambuliwa kwa mabomu. Kanisa la Mtakatifu Maria liliungua, vinanda vyake vikateketea, na kengele zikaanguka kutoka mnarani. Kengele hizo zilizovunjika zimeachwa palepale zilipoangukia, ziwe ukumbusho. Moto ule uliyateketeza mabomba ya kinanda alichokipiga Buxtehude. Nyimbo zilizokuwa Uppsala haukuzifikia. Tangu mwaka 2005 hadi 2014 Mholanzi Ton Koopman alirekodi kazi zote za Buxtehude zilizosalia, zikatoka katika diski karibu 30. Aliye na diski hizo nyumbani kwake anapaswa kufahamu kwamba anasikiliza kazi ya mikono mitatu: ya aliyetunga, ya aliyetunza, na ya aliyerekodi.

Huenda mtu akauliza: je, yafaa kanisa kushughulika na sauti za zamani, hali watu wa Mungu wameagizwa kumwimbia Bwana wimbo mpya? Swali hilo ni la haki. Jibu limo katika kazi ya Düben mwenyewe. Hakukusanya nyimbo ili zitazamwe. Alikusanya kwa sababu ibada na shughuli za mfalme zilihitaji muziki, na waimbaji na wapigaji wake walihitaji nota. Aliyapata ya kuimba kwa siku yake, na kwa njia hiyo akayahifadhi kwa ajili ya siku ambazo hakuziona.

Jina lililokosewa

Hata hivyo, kuiokoa sauti hakutoshi. Jina nalo lina haki yake.

Fanny Mendelssohn alizaliwa mwaka 1805, akiwa dada mkubwa wa mtunzi maarufu Felix Mendelssohn. Walifundishwa muziki na walimu walewale. Hata hivyo baba yao alimwambia Fanny wazi kwamba kwa mdogo wake muziki huenda ukawa kazi, lakini kwake yeye utakuwa pambo tu. Nyimbo zake sita zilichapishwa mwaka 1827 na 1830 katika vitabu vyenye jina la Felix. Mwaka 1842 Malkia Victoria wa Uingereza alimwimbia Felix wimbo aliouchagua katika kimojawapo cha vitabu hivyo. Felix akalazimika kukiri kwamba wimbo huo ulikuwa wa dada yake.

Mwaka 1828 Fanny alitunga sonata ya piano kwa ajili ya Pasaka. Sehemu yake ya mwisho hutikisika kama nchi ilivyotetemeka Kristo alipokufa, kisha huingia kwa upole utenzi wa zamani wa Kilutheri wa kumsihi Mwana-Kondoo wa Mungu. Kwa zaidi ya miaka 100 sonata hiyo ilijulikana kwa kutajwa tu katika maandishi yake. Mwaka 1970 mkusanyaji mmoja aliupata mswada wake mjini Paris, ukiwa na jina F. Mendelssohn. Herufi hiyo moja ingeweza kuwa ya Felix, ingeweza kuwa ya Fanny. Ilipotolewa santuri mwaka 1972, iliandikwa kuwa ni kazi ya Felix.

Mwaka 2010 mtafiti Mmarekani, Angela Mace, aliuona mswada wenyewe. Aliutambua mwandiko wa Fanny, na akaona kwamba namba za kurasa zake zinajaza pengo lililokuwa katika kitabu kingine cha Fanny. Mwaka 2012 sonata hiyo ilipigwa mbele ya watu kwa jina la mwenyewe, miaka 184 tangu ilipotungwa na miaka 65 baada ya mwaka ambao Felix na Fanny wangekuwa wametimiza karne moja kaburini, kwa maana wote wawili walifariki mwaka 1847.

Agizo kwa usharika

Wapendwa, mambo haya hayako mbali kama yanavyodhaniwa. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, kwa sauti ya asili ya nyumbani. Wimbo huo leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116, pamoja na jina lake. Umefika huko kwa sababu kulikuwa na watu waliouandika na kuutafsiri. Mmojawapo wa waliofanya kazi ya namna hiyo Makumira ni Howard Olson, aliyekusanya nyimbo zenye sauti za Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilieni Mungu.

Lakini ni walimu wangapi wa kwaya waliotunga nyimbo, zikaimbwa kwenye ibada, mazishi na mashindano, na majina yao hayakuandikwa popote? Kaseti nyingi zina jina la kwaya tu. Na utepe wa kaseti haungoji. Ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku. Joto, unyevu, vumbi na ukungu huula kidogo kidogo, nayo mashine za kuuchezea zinazidi kuadimika.

Kwa hiyo kila nyumba yenye kaseti ya zamani ya kwaya na iitoe kabla haijaharibika, ipate kunakiliwa, na nakala mbili ziwekwe mahali pawili tofauti. Wazee walioimba na waulizwe wangali hai: nani alitunga, mwaka gani, nani aliongoza, nani aliimba sauti ya kwanza. Majibu na yaandikwe kwa ukamilifu, jina zima, wala si herufi moja.

Baada ya kuwashibisha maelfu, Bwana aliwaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyobaki, na vikapu 12 vikajaa. Watu walikuwa wamekwisha kula. Hata hivyo hakutaka mabaki ya baraka yakanyagwe majanini. Usharika ulioshibishwa kwa miaka 100 una vipande vyake. Waliovitunga wengi wamelala. Kazi iliyosalia ni ya watunzaji.

Amina.