Vitunguu vya Mafungu: Mbegu Kwanza, Chungu Baadaye

Leo tuache kidogo habari za mahindi na maharage, tuje nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya mboga. Mazungumzo yetu yanahusu vitunguu, lakini si vile vikubwa vinavyooteshwa kitaluni. Nazungumzia vile vidogo ambavyo ukipanda kimoja unavuna fungu zima. Kwa kuwa kila mahali huenda vina jina lake, leo tutaviita vitunguu vya mafungu.

Kitunguu hiki ni ndugu wa kitunguu maji. Tofauti yao ni namna ya kuzaa. Kitunguu maji huanza na mbegu ndogo nyeusi, husiwa kitaluni, kisha miche huhamishwa. Kitunguu cha mafungu chenyewe ndicho mbegu. Ukikipanda, hugawanyika ndani kwa ndani, na kila sehemu hutoa majani yake na kuwa kitunguu kamili. Kimoja huweza kukupa vitano, sita, pengine hata kumi. Hununui mbegu za kopo kila mwaka, huna kazi ya kitalu, na kwa kawaida unavuna baada ya siku 60 hadi 90, kutegemea aina na baridi ya mahali.

Tahadhari moja hapa. Usichukue kitunguu maji cha kawaida ukakirudisha ardhini ukitegemea mavuno ya namna hii. Hicho kitagawanyika kidogo, kisha kitatoa bua la maua. Utapata mbegu, lakini hutapata vitunguu vizuri vya kula.

Sasa basi, liko jambo linalowakatisha tamaa wengi. Mtu hupewa kibaba cha vitunguu hivi na jirani. Msimu wa kwanza anavuna vizuri. Msimu wa pili vinapungua. Msimu wa tatu vimekuwa kama punje za maharage, majani yamepauka, na nusu vimeoza kabla ya kupandwa. Hapo utasikia: "Ardhi imechoka," au "Mbegu imezeeka."

Ndugu mkulima, mara nyingi si hivyo. Jiulize, vile vizuri vilikwenda wapi? Vikubwa viliuzwa. Vya kadiri viliingia chunguni. Vilivyobaki kapuni, vile vidonda na vilivyodumaa, ndivyo vilivyorudishwa shambani. Ukifanya hivyo misimu mitatu, umepanda ugonjwa mara tatu.

Sababu yake ni hii. Kinachopandwa hapa ni mwili uleule wa mama. Ugonjwa ulioko kwa mama huenda kwa watoto wake. Yako magonjwa ya virusi yanayotia majani michirizi ya manjano, yakajikunja na kudumaa, na hayo hayana dawa ya kunyunyiza. Uko pia ukungu mweupe unaoozesha mizizi na kitako cha kitunguu, hasa sehemu za baridi. Ukishaingia shambani, vimelea vyake huweza kukaa udongoni hata miaka 20. Kwa hiyo anayechagua mbegu ovyo anaweza kuharibu vitunguu vya msimu huu na bustani yenyewe kwa muda mrefu.

Haya, tuanze kazi. Kwanza, mbegu ya kuanzia itoke wapi? Itoke kwa mkulima wa karibu ambaye umeyaona majani ya vitunguu vyake vikiwa bado shambani. Vya sokoni huvijui vimetoka wapi. Kama huna njia nyingine, vipande kwenye tuta la peke yake, mbali na vingine, uvitazame msimu mmoja. Wala usihangaike kuagiza mbegu za nchi za baridi. Kitunguu hujaza kichwa kwa kufuata urefu wa mchana. Aina nyingi za huko Ulaya husubiri mchana wa saa 14 au zaidi. Huku kwetu, karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Aina hizo zitatoa majani tu, zikisubiri mchana mrefu usiokuja.

Pili, wakati wa kupanda. Panga kuanzia mavuno ukirudi nyuma. Vitunguu vinataka unyevu vikiwa vichanga na ukavu vikikomaa. Sehemu zenye mvua za vuli na masika, ukipanda mwezi wa Oktoba utavuna Januari, kwenye kiangazi kifupi. Ukipanda mwezi wa Mei, masika yakielekea mwisho, utavuna Julai au Agosti. Anayevuna katikati ya mvua hana pa kukaushia.

Tatu, mahali na udongo. Chagua mahali penye jua la kutosha, pasipotuama maji, na pasipolimwa vitunguu wala vitunguu saumu kwa miaka mitatu iliyopita. Lima mpaka udongo uwe laini. Tia samadi iliyooza kabisa, debe moja kwa kila mita 4 za mraba. Samadi mbichi hukuza majani mno na huleta kuoza. Wakati wa mvua inua tuta sentimeta 15. Wakati wa kiangazi, ukimwagilia, fanya tuta la bapa ili maji yasikimbie.

Asiseme mtu kwamba ardhi yake ni mchanga mtupu hivyo haiwezekani. Huko Anloga, karibu na mji wa Keta, kusini mashariki mwa Ghana, wenzetu wamesifika kwa vitunguu vidogo vya namna hii, na wanavilima kwenye ukanda mwembamba wa mchanga ulio kati ya bahari na ziwa la maji ya chumvi. Matuta yao ni madogo, yanamwagiliwa kwa maji ya visima, na mchanga huo wameulisha kwa samadi, mabaki ya samaki na hata kinyesi cha popo. Utunzaji ndio unaowapa mavuno.

Nne, kupanda. Tenganisha mafungu, upande kimoja kimoja. Ondoa maganda yaliyolegea tu, usikimenye. Panda kitako kikiwa chini, ukikisukuma taratibu mpaka ncha ilingane na uso wa udongo. Ukikizamisha sana kitaoza. Acha sentimeta 25 kati ya mistari na sentimeta 15 kati ya kitunguu na kitunguu.

Baada ya hapo kazi kubwa ni palizi. Majani ya vitunguu ni membamba, hayawezi kufunika magugu, na mizizi iko juu juu. Palilia kwa mkono au kwa kijembe kidogo, hasa wiki sita za mwanzo. Usipandishie udongo juu ya vichwa. Viache vijitokeze vyenyewe.

Ukiona mistari ya rangi ya fedha kwenye majani, fungua katikati ya jani ulipoanzia. Utaona wadudu wadogo sana, wembamba, wa manjano au kahawia. Hao ni thripsi, na hupenda sana ukavu. Ondoa magugu pembeni, mwagilia vizuri, na usipande tuta jipya kando ya tuta la zamani lililoshambuliwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Mbegu ya msimu ujao huchaguliwa majani yakiwa bado mabichi. Mkishavuna, kitunguu kigonjwa na kizima hufanana. Kwa hiyo, kati ya wiki ya sita na ya nane, pita tutani asubuhi na vijiti mkononi. Mashina yenye michirizi ya manjano au yaliyodumaa, ng'oa, utoe nje ya bustani. Kisha tafuta yale yenye majani ya kijani safi, yaliyosimama vizuri, yasiyotoa bua la maua. Kando ya kila shina kama hilo chomeka kijiti. Vya kijiti ni mbegu, na nyumba nzima ijue hivyo, pamoja na watoto wanaotumwa kuchuma cha mboga.

Majani yakianza kulala, acha kumwagilia. Nusu au zaidi yakishalala, vuna, na uchague siku kavu. Inua kwa jembe uma au kijiti kigumu, usivute kwa nguvu, wala usivirushe. Kitunguu kilichopata jeraha ni cha kula wiki hiyohiyo.

Kukausha kuna makosa mawili. La kwanza ni kuvianika kwenye jua kali, vikaungua. La pili ni kuvirundika ndani vikiwa na unyevu. Tandaza vitunguu pamoja na majani yake juu ya kichanja, kivulini, mahali panapopita upepo, safu moja tu. Vya kijiti vikae upande wake. Tunachokausha ni shingo na maganda, siyo nyama ya kitunguu. Wiki mbili hutosha mahali pakavu. Milimani penye ukungu ngoja hadi wiki tatu. Vimekauka pale shingo inapokuwa nyembamba na ngumu, na maganda yanapotoa sauti ukivishika. Hapo kata majani ukiacha sentimeta 2 au 3, au yasuke pamoja na kuvining'iniza. Vyenye shingo nene vitangulie jikoni, maana havikai.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya vitunguu huoza, tena kimoja huambukiza jirani yake. Vitundike katika kapu au mfuko wa wavu, visiwe ndani ya nailoni wala juu ya sakafu ya udongo. Dari la jiko linafaa, mradi moto uwe mbali: joto la kadiri na hewa kavu huvizuia kuchipua. Vikague kila baada ya wiki mbili, uondoe vilivyolainika.

Siku ya kupanda ikifika, chukua vya kadiri, vyenye upana wa kama sentimeta 2, vigumu, vyenye kitako kikavu na safi. Kwa kawaida kikubwa huzaa vingi vidogo, na kidogo kilicho kizima huzaa vichache vinene. Kwa hiyo udogo peke yake si ubaya. Ubaya ni ugonjwa. Kama bado vimelala, kata ncha ya juu kidogo, uviache siku moja jeraha likauke, ndipo upande.

Mwisho, tupige hesabu. Tuta la mita 1 kwa mita 5 huchukua mistari 4, yaani vitunguu kama 130. Tuseme kila kimoja kimekupa 5 tu. Hivyo ni 650. Weka kando 160 vya mbegu: 130 vya kupanda na 30 vya kufidia vitakavyoharibika. Zinabaki 490 za chungu, kama 5 kila siku kwa miezi mitatu. Kwa hiyo mbegu inataka robo tu ya mavuno. Lakini iwe robo iliyo bora, na itolewe kwanza, kabla ya mgeni, kabla ya soko, na kabla ya shemeji anayeomba vya njiani.

Kama una matuta mawili, mpe jirani vya kijiti vyako kadhaa. Siku vyako vikipatwa na baa, utajua pa kwenda kuomba mbegu yako mwenyewe.

Basi, ndugu wakulima, andaeni vijiti kabla majani hayajalala. Nawatakia kazi njema. Kwaherini.