Kubadili Beringi za Mashine ya Kukerezea Chuma

Leo tusome habari za beringi zinazoshika mhimili wa mashine ya kukerezea chuma.

Beringi mpya usiifungue karatasi yake mpaka mikono na meza viwe safi. Chembe moja ya mchanga yatosha kuiharibu. Wala usiipige nyundo! Pigo moja huacha alama ndani, nayo utaiona katika kila chuma utakachokereza. Ukiwa na haraka, ngoja kesho.

Ipashe moto katika mafuta safi, digrii 80 za sentigredi, itanuke kidogo. Vaa glavu, uisukume mahali pake. Ikipoa, weka saa ya kupimia juu ya mhimili, uuzungushe polepole. Mshale ukicheza kupita sehemu 1 katika 100 ya milimita, ifungue tena. Huenda uchafu umebaki.