Jiko la Mkaa Chumbani

Msikilizaji wa Njombe au Makete, baridi ya Juni na Julai unaijua. Jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watoto wanalala. Mkaa ukishakolea moto hautoi moshi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mkaa huo unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Mnadhani ni malaria. Malaria gani hiyo inayowashika wote usiku mmoja? Tokeni nje kwanza, kisha hospitali. Jenereta ikiwashwa ndani ya duka ni hatari vilevile. Na kuufunika mkaa kwa majivu hakusaidii, unaendelea kuwaka chini kwa chini. Jiko litoke nje kabla hamjalala.