Neno la Walimu juu ya Wapokeaji wa Simu za Dharura



Sisi walimu tumeomba nafasi hii ili tuseme neno juu ya watu wasioonekana katika mikutano yetu. Daktari tunamwona, dereva wa gari la wagonjwa tunamwona, na tunawashukuru. Lakini yule aliyepokea simu ya kwanza hatumjui hata jina.

Hapa Rwanda, SAMU ilianzishwa mwaka 2007 na namba yake ni 912. Polisi ni 112. Kupiga ni bure, hata kwa asiye na salio.

Anayepiga mara nyingi analia, anachanganya lugha, anasema "njooni upesi" kisha anakata. Mpokeaji hawezi kulia naye. Anauliza kwa upole: Uko wapi? Nani ameumia? Anapumua? Wako watu wanaodhani maswali hayo ni kuchelewesha. Sivyo hata kidogo! Kwa majibu hayo anajua gari litoke wapi, na mgonjwa yupi asubiri kwa kuwa mwingine yuko karibu na kufa. Kuchagua hivyo ni mzigo ambao sisi hatuutamani.

Wenyeji wa Mahoko wanaujua usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika na maji yakaingia nyumbani watu wamelala. Katika Majimbo ya Magharibi na Kaskazini walikufa zaidi ya 130. Usiku kama ule barabara zinakatika, na aliye kwenye simu hana macho mengine ila maneno ya anayepiga.

Kwa hiyo tusiwashukuru kwa makofi tu. Makao yetu yanafanana. Kusema "niko kambini" hakutoshi. Kila jamaa ijue kutaja kambi, sehemu yake, barabara, na kanisa au soko lililo karibu. Mmoja asimame barabarani kulilaki gari, na usiku awe na tochi. Asiyejua Kinyarwanda vizuri ampe jirani simu. Tena watoto wasiichezee 912: huenda dakika ileile mama mwenye uchungu wa kuzaa anaitafuta laini hiyo. Darasani tumekwisha kuwaambia, wazazi mtusaidie.

Namba hizi tutazibandika kesho asubuhi mlangoni pa shule. Asiyejua kusoma aje, tutamsomea mpaka azishike kichwani.