Mali ya Mfanya Kazi Akisha Kufa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Ukunda)



Tumeombwa tuseme juu ya mali ya mtu akisha kufa. Twajua wengi hawapendi neno hili. Mtu akitaja wasia huambiwa anajiitia mauti. Lakini mauti hayangoji kuitwa, na sisi wa ofisi ya chama huwaona wajane wakija na cheti cha kifo mkononi wakiuliza, "Fedha zake ziko wapi?" Jawabu letu mara nyingi ni refu kuliko subira yao.

Huku kwetu Kwale jambo hili lina pande tatu, ndiyo maana ugomvi wake hauishi. Iko mila ya kale ya Wadigo, ambayo mali ya mjomba humwendea mpwa, mtoto wa dada yake. Iko sheria ya Kiislamu, ambayo huwapa wana, binti na mke mafungu yao. Tena iko Sheria ya Urithi ya Serikali, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Toka siku za Wakoloni wapwa na wana wameshitakiana kwa ajili ya minazi. Na pwani yetu mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine! Zamani jambo hilo halikumsumbua mtu, bali sasa ardhi ya Diani ni ghali, na mpwa aliyekuwa akiangua nazi bila kuulizwa aambiwa alete hati.

Tuanze na Waislamu, maana ndio wengi hapa. Tangu mwaka 1990 Sheria ya Urithi imewaachia wagawe mirathi yao kwa sheria ya dini, na Kadhi husikiliza ikiwa wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wapewe. Mke hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, au robo ikiwa hakuacha. Wake wakiwa wanne hugawana fungu hilo hilo moja. Wasia usizidi theluthi, wala usimpe aliye mrithi tayari ila wenziwe wakiridhia. Basi ndugu, theluthi hiyo ndiyo mlango wa mpwa. Mwenye kumpenda mtoto wa dada yake na aandike sasa, asimwachie kesi na wanawe.

Asiye Mwislamu ana uhuru mkubwa zaidi katika wasia wake. Auandike, atie sahihi, na mashahidi wawili watie sahihi zao. Shahidi asiwe yule anayepewa kitu, maana zawadi yake yaweza kuanguka. Wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili husimama tu kama msemaji amekufa kabla ya miezi mitatu kupita. Wala mtu asidhani ataweza kumtupa mke au mtoto kwa kalamu. Aliyeachwa bila kitu aweza kwenda mahakamani kudai matunzo katika mali ile. Pasipo wasia, mjane hupata vyombo vya nyumbani, na mali iliyobaki huishika maisha yake. Kisha watoto hugawana sawasawa, binti aliyeolewa na kijana aliye nyumbani.

Watoto wakiwa wadogo, mali yao ni amana, na sheria hutaka wasimamizi wasiopungua wawili. Ami anayechukua pikipiki na friji siku ya arobaini, bila barua ya mahakama, ajue kwamba kugusa mali ya maiti ni kosa: faini mpaka shilingi 10,000, au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Na tazameni sana barua ya chifu inayotaja warithi. Jina lililosahauliwa pale hutafutwa kwa miaka.

Watoto wa nje ya ndoa nao wasifichwe. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto wa namna hiyo wa baba Mwislamu wasinyimwe urithi kwa ajili ya kosa lisilo lao.

Sasa fedha za kazini. Pensheni ya mfuko wa kampuni haiingii katika mirathi. Wadhamini wa mfuko huilipa kwa kanuni zao, nao hutazama fomu uliyoandika majina. Chukueni mfano wa mpishi aliyeajiriwa akiwa kijana, akaandika jina la kaka yake. Ameoa, ana watoto watano, kaka amekwisha kufa, na fomu i vile vile. Mshahara uliobaki ni jambo jingine: huo hulipwa wasimamizi wa mirathi, nao mwajiri ana siku 30 tangu wathibitishe haki yao.

Katibu atakuwa ofisini Jumamosi mpaka saa nane. Njooni na kitambulisho, na nambari za vitambulisho vya wake zenu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Tumesema wote.