Ushuru Usiokuwapo: Biashara Huria na Madini Yetu



Wako wachumi ninaowaheshimu wanaoshikilia kwamba mkataba wa biashara huria huinua migodi ya nchi maskini kwa kuiondolea ushuru kwenye soko la tajiri. Hoja hii imezoeleka hata haiulizwi tena. Ushuru upi? Niliwahi kumtuma mwanafunzi wangu anitafutie viwango vya Umoja wa Ulaya kwa dhahabu ghafi, mbale ya nikeli na makinikia ya shaba. Alirudi na safu ya sifuri tupu, akaniomba radhi, akidhani amefungua jedwali silo. Jedwali lilikuwa lenyewe. Tena Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, tangu 2001 inaruhusiwa kuingiza Ulaya kila kitu bila ushuru, isipokuwa silaha. Anayetuahidi sifuri anatuuzia shati tulilokwisha kulivaa.

Kinachobadilika nchi ikisaini ni masharti ya madini kutoka. Hapa mnivumilie, maana Ibara ya 11 ya Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara (GATT) naipenda kuliko kurasa zote za sheria ya biashara. Inakataza nchi kupiga marufuku bidhaa zake zisitoke, au kuziwekea ukomo wa kiasi. Ushuru na kodi haizigusi. Waliouandika mkataba mwaka 1947 hawakupitiwa: wamezitaja na kuzitenga waziwazi. Aya ya 2 inaruhusu marufuku ya muda pale penye uhaba mkubwa wa chakula au bidhaa za lazima. Indonesia, iliyozuia mbale ya nikeli kutoka tangu Januari 2020, ilijikinga kwa aya hiyo, ikashindwa mbele ya jopo la Shirika la Biashara Duniani Novemba 2022. Ikakata rufaa kwenye chombo cha rufaa cha shirika hilo, kisicho na majaji, shauri likalala huko, viwanda vya kuyeyushia vikaendelea kuwaka. Lau ingetoza ushuru mkali badala ya marufuku, ibara hiyo isingekuwa na la kusema.

Nafasi hiyo ndiyo inayobanwa na EPA, mkataba wa ubia wa kiuchumi. Mkataba wa Ulaya na Afrika Mashariki, ambao Tanzania iliukataa 2016 na ambao Kenya ina toleo lake linalotumika tangu Julai 2024, unazuia ushuru mpya wa bidhaa zinazotoka, ila kwa sababu maalumu, kwa muda, na baada ya kuiarifu Ulaya.

Mtanijibu kwamba kuyeyusha kunataka umeme mwingi, na kwamba viwanda vya Indonesia vinachoma makaa ya mawe na vingi vina mtaji wa Kichina. Ni kweli. Bado nasema nchi yenye mbale isisaini kuuachia ushuru huo, hata kama leo haiutozi. Nasi tunayo: nikeli ya Kabanga, kule Ngara, imepangiwa kusafishwa Kahama, kwenye eneo la mgodi uliofungwa wa Buzwagi. Mkataba wowote utakaoletwa mezani nitaanza kuusoma kwenye ibara ya bidhaa zinazotoka. Majedwali ya forodha nitayaangalia nikipata nafasi.