Aliyelipa Hospitali Anadai Nini?

Ndugu Mwenyekiti, wanazuoni wenzangu, na wazee wangu mliosafiri kutoka Runzewe,

Swali langu la leo linatoka barabarani. Lori liendalo Rusumo likimgonga kijana wa bodaboda pale Runzewe, kabla wakili hajatajwa, tayari kuna mtu ametoa pesa. Polisi wanaandika PF3, fomu ya kumruhusu majeruhi atibiwe. Shemeji anauza mbuzi, mjomba anatoa magunia ya mahindi, wenzake wa bodaboda wanachanga usiku uleule ili apelekwe Hospitali ya Bugando. Kesi inakuja baadaye, ndani ya miaka 3 kama Sheria ya Ukomo inavyotaka. Lori lina bima ya lazima. Fidia ikitoka, ni ya nani?

Sheria ya bima ina jibu la siku nyingi. Bima ikishamlipa aliyepata hasara, hushika nafasi yake na kumdai aliyesababisha, ili mtu asilipwe mara mbili kwa hasara moja, wala mkosaji asiponee kwenye mfuko wa mwingine. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Nasema tu kwamba shemeji naye amelipa, na mahakamani hatajwi.

Mwaka 1994, katika shauri la Hunt dhidi ya Severs, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba fedha anazopewa majeruhi kwa uuguzi aliofanyiwa bure na ndugu yake, anazishika kwa amana ya ndugu huyo. Amana! Neno hilo wazee wangu hamhitaji kufundishwa. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini unafaa kusikilizwa.

Kikwazo kikubwa ni karatasi. Katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992, Mahakama yetu ya Rufani ilisema fidia mahsusi lazima itajwe na ithibitishwe. Gharama za matibabu zimo humo. Mbuzi aliyeuzwa gulioni hana risiti. Hata risiti ya mashine ya EFD, ikikaa miezi kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, hufifia hadi tarakimu zisisomeke. Inabaki karatasi nyeupe, na karatasi nyeupe haithibitishi kitu.

Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Mifuko ikilipa hospitali, nayo itataka kudai. Basi idai matibabu tu. Huko Marekani jimbo la Arkansas lilidai dola 215,645 kutoka kwenye fidia ya msichana aliyeumia kwenye ajali ya gari. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaliruhusu dola 35,581, sehemu iliyohusu matibabu. Pesa za maumivu na za kipato kilichopotea hazikuguswa. Huo ndio msimamo wangu.

Mawakili, ulizeni nani alichanga, na mtaje michango hiyo kwenye hati ya madai. Nanyi wazee wangu, risiti itoeni kopi siku ileile, na daftari la michango lisainiwe na mwenyekiti wa kijiji kabla gari la kumpeleka majeruhi halijaondoka.